Mji Ninaokudai

Wasichana wa Nyamasaria walikuwa na kitendawili walichotegana kwenye foleni ya maji, na aliyeshindwa alitoa mji: Nikifumba macho namwona, nikifumbua simwoni. Wadogo walijibu ndoto. Waliovunja ungo walijibu mpenzi, kisha wakacheka na kuficha nyuso. Aoko sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na jibu lake hakulisema kwa mtu. Jibu lake lilikuwa marehemu.

Jumamosi ile, saa tisa mchana, alikuwa ameketi nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe katika ukumbi wa hoteli moja ya kando ya ziwa, mjini Kisumu, akitia sahihi kitabu chake. Foleni ilikuwa ndefu. Kila aliyefika mezani alimtazama kwanza usoni kwa huruma, ndipo akatoa kitabu, kama mtu anayetoa rambirambi.

Aoko alianza kazi katika jarida la Upepo kwa kuandika habari za vifo, kwa sababu hakuna mwandishi mwingine aliyezitaka. Lakini alikuwa na mkono wa kuandika. Aliandika juu ya fundi viatu wa Obunga aliyekufa bila mke wala mtoto, na siku ya mazishi wakaja watu mia tatu ambao hawakumjua. Tangu hapo mhariri wake, Debra, akampa ukurasa mzima kila toleo. Watu wakawa wanatania kwamba ukitaka kusifiwa Kisumu, usife wiki ambayo Aoko yuko likizo.

Kisha, miaka minne iliyopita, akamwandika mpenzi wake.

Griffins Ondiek alikuwa fundi wa injini za boti. Asubuhi moja ya Agosti alipanda boti ya kwenda kisiwani, na boti ile haikufika. Miili mitatu ilipatikana. Wake haukupatikana. Walingoja siku arobaini, ziwa likakataa kumrudisha, ndipo ukoo wake kule Seme ukafanya kama desturi ya Wajaluo inavyosema: wakaenda kwenye mti wa yago, wakachuma tunda moja refu, zito kama mguu wa mtu, wakalivika shuka, wakalilaza sandukuni, wakalililia kwa jina lake, wakalizika. Aoko alirusha udongo kwa mkono wake mwenyewe, juu ya tunda.

Aliandika hayo yote katika Upepo, toleo baada ya toleo, na wasomaji wakalia hadi Nakuru. Toleo la kumi na mbili likamalizia kisa, na makala yakawa kitabu. Kitabu kiliitwa Yago. Chini ya jina la mwandishi, kwenye jalada, palichapwa maneno matatu: Kisa cha kweli.

Na kilikuwa cha kweli. Isipokuwa sentensi moja.

"Jina?" Aoko aliuliza.

"Andika, kwa Sylvia, mke mwema," alisema mama mmoja mnene mwenye kilemba cha manjano.

"Sylvia ni nani wako?"

"Ni mimi. Andika kwa herufi kubwa, bwanangu haoni vizuri anapotaka kutoona."

Foleni ikacheka. Hata Mama Maximilla, mamake Aoko, aliyekaa safu ya mbele na kofia yake ya kanisani, akacheka. Mama Maximilla alikuwa Mluhya wa Bungoma aliyeolewa na Mjaluo na kuachwa mjane. Alisema Kijaluo kwa lafudhi ya nyumbani kwao, na mambo mazito aliyasema kwa Kiswahili ili asikosee.

Aoko akamwandikia Sylvia, akamrudishia kitabu, akainamia kitabu kilichofuata. Kilikuwa kimekwisha kufunguliwa mbele yake. Kilikuwa kimechakaa, kurasa zake zimevimba kama kilichoanguka majini kikakaushwa juani. Alisikia harufu ya petroli na matete mabichi.

"Niandikie kwa nani?"

"Usiweke jina," ilisema sauti ya mwanamume, ya chini, yenye mkwaruzo. "Andika tu: Kwa anayenidai mji."

Kalamu ikasimama.

Asubuhi ile ya Agosti simu yake ilikuwa imelia akiwa kazini. "Kitendawili," Griffins alikuwa amesema, huku upepo ukivuma nyuma yake. "Griff, jarida linakwenda mtamboni saa sita." "Wewe sema tega." "Haya, tega." "Nilimzika akiwa mzima, akaamka akanipita kimo." "Sijui. Jua?" "Jua linazikwa na nani? Umeshindwa. Nipe mji." Naye akajibu kwa haraka, akiwa ameshabana simu kati ya sikio na bega, macho kwenye kazi: "Nitakupa ukirudi."

Hakumwambia mtu yeyote maneno hayo, wala Debra, wala mamake. Kwenye kitabu hayamo. Angewezaje kuandika kwamba neno la mwisho la mpenzi wake lilikuwa kitendawili cha kuzikwa?

Mkono ulioshika ukingo wa meza ulikuwa na kovu la mwezi mchanga kwenye kidole gumba, na weusi wa oili chini ya kucha. Aoko aliujua mkono huo. Akainua macho taratibu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani na hajui kamba imeshika nini.

Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi mapema upande mmoja. Lakini macho yalikuwa yale yale, yaliyokuwa yakimtazama jinsi fundi anavyosikiliza injini kabla ya kuigusa. Wakatazamana.

"Sami! Sami wanakuja! Fungeni madirisha!" mhudumu alipiga kelele.

Kutoka ziwani ilikuwa imeinuka nguzo nyeusi, ndefu, ikiyumba kama moshi wa nyumba inayoungua pasipo nyumba. Walikuwa wale wadudu wadogo wa ziwani, maelfu kwa maelfu. Walipofika hotelini mwanga wa mchana ukafifia, ukumbi ukawa wa kijivu, viti vikakwaruzana, watu wakajifunika nyuso kwa leso. Aoko aligeuza kichwa kwa muda wa kupepesa jicho tu. Alipokirudisha, mbele ya meza hapakuwa na mtu. Kitabu kilichovimba kilikuwa bado pale.

"Debra," alisema. "Amekwenda wapi?"

"Nani?" Debra alikuwa ameinama nyuma yake, akitoa vitabu kwenye katoni.

"Huyu aliyekuwa hapa. Aliyeongea nami."

"Nilisikia ukiongea. Nilidhani unaongea kwa simu." Debra akamtazama vizuri. "Aoko, uko sawa? Midomo yako imekuwa myeupe."

Aoko akatazama sakafu. Kwenye vigae palikuwa na nyayo za maji. Zilitoka kwenye dirisha la pembeni, zikaja hadi mezani, zikarudi dirishani. Hapakuwa na hata unyayo mmoja kuelekea mlangoni.

Akakivuta kitabu karibu. Kilikuwa kimefunguliwa ukurasa wa arobaini na moja. Aliijua sentensi ya tatu ya ukurasa huo kuliko alivyojua sala ya Baba Yetu: Asubuhi ile alikwenda kisiwani kutengeneza injini. Chini yake palikuwa na mstari wa penseli, na pembeni maneno mawili.

Na kamera?

* * *

Nje, upande wa nyuma, hoteli ile ilikuwa na ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Gugu maji lilikuwa limeziba ufuo wote, kijani kibichi kama shamba, na shamba lenyewe lilikuwa likipumua, likipanda na kushuka. Sami walikuwa bado hewani. Katikati ya utusitusi huo mtu alikuwa amekaa ngazi ya chini, suruali imekunjwa, miguu ndani ya maji.

"Usinikaribie," Aoko alisema. "Kaa hapo hapo."

"Nimekaa."

"Wewe ni nani?"

"Unajua."

"Namjua niliyemzika. Wewe sikujui."

"Ulizika yago, Aoko." Alisema bila hasira. "Mimi kwenye mazishi hayo sikualikwa. Nilipiga simu tu."

Simu hiyo Aoko aliikumbuka. Alikuwa kando ya kaburi, akina mama wamepandisha kilio, simu ikatetemeka mkobani. Namba ya nchi jirani. Alipokea akidhani ni jamaa aliyepotea njia. Laini ilikuwa ikikatika-katika, na mwanamume upande wa pili akauliza jambo moja.

"Uliuliza, mazishi ya nani," Aoko alinong'ona.

"Nawe ukasema, ya Griffins Ondiek." Alitoa miguu majini, akageuka kumtazama. "Nilikuwa kitandani, mguu umevunjika, naazima simu ya mwenye nyumba. Boti ilipozama nilishika mtungi wa petroli usiku na mchana, Aoko, hadi wavuvi wa upande wa pili wakaniokota. Homa ikanila siku nyingi. Siku niliyopata nguvu ya kushika simu, namba niliyoikumbuka ilikuwa moja. Nikaipiga, na sauti yako ikaniambia nimekufa. Salio likaisha kabla sijapata sauti. Kesho yake nikapiga tena."

"Nilikuwa nimeizima. Niliizima na ile laini nikaitupa. Griff, sauti ilikuwa yako! Ningefanya nini? Nilidhani umenipigia kutoka..."

Kitu kikubwa kikapiga pumzi ndani ya gugu, pengine kiboko, pengine ziwa lenyewe.

"Miaka minne," Aoko alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupata joto. "Mguu ulivunjika miaka minne?"

"Nilirudi Desemba ile ile. Nilikwenda nyumbani Seme, nikafika langoni. Baba mdogo Joram akanitokea na panga. Hakunitukana. Alilia. Alisema, mtoto wangu, tumekulilia tukamaliza, ukivuka lango hili utarudi na mmoja wetu. Rudi ulikotoka. Tangu siku hiyo sipiti mlango ambao ndani yake kuna mtu aliyenililia. Leo nimepitia kwenye matete, nikaingia dirishani."

"Mimi je? Mimi ningekufukuza na panga?"

"Wewe nilikusoma." Akacheka kidogo, bila furaha. "Kituoni Kondele kulikuwa na Upepo, picha yangu ukurasa wa mbele. Nikasoma nikiwa nimesimama. Uliniandika vizuri, Aoko. Hata mimi nilimlilia huyo kijana. Kisha nikafika kwenye injini. Injini gani? Hapakuwa na injini. Ulinituma wewe. Ulikuwa na makala ya kisiwa, na siku hiyo ulikuwa na kazi, ukanipa kamera, ukasema, Griff, nipigie picha za wanawake wanaoanika samaki wa omena, nitakupenda mara mbili."

"Nyamaza."

"Nikajiuliza, kwa nini amenitoa kwenye safari yake akaniweka kwenye injini? Nikapata jibu moja. Anaona aibu. Mwandishi mkubwa hataki ijulikane kwamba fundi mwenye oili kwenye kucha alikufa akimbebea kamera. Nikasema, basi, huyo wa kwenye karatasi ni bora kuliko mimi. Nimwachie."

"Aibu?" Aoko alishuka ngazi mbili bila kujua ameshuka. "Aibu! Wewe mwanamume una akili kweli? Sikuandika kwa sababu kama ningeandika nilikutuma, kila mtu angejua nimekuua! Mamangu angejua. Baba mdogo wako angejua, wakati alinishika mkono pale kaburini akaniita binti. Miaka minne watu wananipa pole, nami nameza pole hizo kama miiba. Aibu!"

Griffins alisimama. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Basi tumekuwa wapumbavu wawili," alisema polepole. "Kila mmoja upande wake wa ziwa."

"Ulikuwa upande gani?"

"Awasi."

"Awasi!" Aoko akapiga mguu chini. "Awasi ya hapa? Mwendo wa saa moja? Nimepita Awasi mara mia!"

"Natengeneza pampu za maji. Wananiita Fundi Mathews. Mara moja ulinunua mahindi ya kuchoma mbele ya karakana yangu. Ulivaa gauni la bluu. Ulirudishiwa chenji ukaisahau."

Aoko hakujua kama anataka kumpiga au kumshika. Aliuinua mkono, nao ukabaki hewani kati ya mambo hayo mawili.

"Aoko! Usimpe mkono!"

Mama Maximilla alikuwa juu ya ngazi, kofia imejaa wadudu, chupa ya chumvi ya mezani mkononi kama silaha.

"Mama, ni Griff."

"Nimeona ni Griff. Ndiyo sababu nasema usimpe mkono. Angekuwa mgeni ningemsalimia mimi mwenyewe."

"Habari yako, Mama," Griffins alisema, akiinamisha kichwa.

"Usiniulize habari. Nilikula matanga yako, kijana. Nililia sauti ikakatika, wiki nzima nikawa naongea kama bata. Leo nikujibu nini? Pole kwa msiba wako?" Alishuka kwa tahadhari, ngazi kwa ngazi, akimkagua kuanzia miguuni. "Kwetu mzimu hauli chumvi. Toa ulimi."

"Mama!"

"Atoe ulimi, au nipige kelele hoteli yote ije."

Griffins, mwanamume wa miaka thelathini na saba, akatoa ulimi kama mtoto kliniki. Mama Maximilla akatikisa chupa. Wadudu wawili wakaanguka na chumvi. Wakangoja. Aoko aliona koo la Griffins likipanda na kushuka.

"Imezidi," Griffins alisema.

Mama Maximilla akaketi juu ya jiwe pwaa, kofia ikaenda upande.

"Ni mtu," alisema, na sasa ndipo hofu ikamwingia kweli. "Yawa, jamani, ni mtu. Angekuwa mzimu ningejua la kufanya, ningeita mchungaji. Mtu aliyezikwa nimfanye nini? Sikiliza, Aoko mwanangu. Hata kama anapumua, ameliliwa. Jina lake liko kaburini. Akikuoa, utaitwa mke wa kaburi. Wanao utawaita wa nani? Na wewe kijana, kama unampenda, rudi Awasi ukawe huyo Mathews wako."

Griffins alianza kukunjua suruali yake, mguu mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Aoko akakiona kitendo hicho, na moyo wake ukamwambia wazi: akiondoka sasa, hatarudi. Safari hii hata yago hawatakuwa nalo.

"Kwa nini umekuja leo?" alimuuliza.

"Wiki jana ulihojiwa. Wakakuuliza ungemwambia nini marehemu. Ukasema, ningempa alichoniomba." Akamtazama, jicho kwa jicho. "Wao walidhani ni busu. Mimi nikajua ni mji."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Debra akachungulia, leso puani. "Aoko, watu wanangoja usome. Sami wamepungua. Soma ukurasa wa arobaini na moja, wanaupenda... Nani huyu?" Kisha akautambua uso, maana ndiye aliyechagua picha ya Griffins iliyo kwenye jalada. Leso ikamtoka.

"Nakuja kusoma," Aoko alisema. "Nitasoma ukurasa huo huo. Nitausoma kama ulivyopaswa kuandikwa."

"Ngoja. Ngoja kwanza." Debra alimfuata. "Kwenye jalada kumeandikwa kisa cha kweli. Ukifungua mdomo, kitabu kimekufa. Na wewe pamoja nacho. Nani atakupa kazi tena?"

"Kikifa tutakizika kwa yago," alisema Aoko, akapanda ngazi.

* * *

Watu walikuwa wamerudi vitini alipofika mbele. Madirisha yalikuwa yamefungwa, isipokuwa lile la pembeni. Nje yake, akionekana kuanzia kifuani tu, alisimama mtu ambaye watu hawakumtilia maanani, wakidhani ni mtunza bustani.

Aoko alikifungua kile kitabu kilichovimba, wala hakuchukua kipya.

"Asubuhi ile alikwenda kisiwani..." alisoma, kisha akafunga kitabu kwa kidole ndani. "Hapakuwa na injini. Nilimtuma mimi. Nilikuwa na makala, sikutaka kuchelewa, nikampa kamera yangu. Alipanda boti kwa ajili yangu. Asubuhi ile alinitegea kitendawili, nami sikuwa na nafasi hata ya kukifikiria. Miaka minne mmenipa pole. Pole hizo sikustahili. Nimewadanganya, nami naomba msamaha kwenu, na kwake."

Hakuna aliyepiga makofi. Ubaridi ukapita ukumbini kana kwamba kweli kulikuwa na maiti katikati yao. Mtu mmoja safu ya nyuma akainuka, akaweka kitabu chake kitini, akatoka. Wa pili akamfuata. Debra alikuwa ameuelekea ukuta.

Ndipo Sylvia wa kilemba cha manjano akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: "Na kitendawili kilisemaje?"

"Nilimzika akiwa mzima, akaamka akanipita kimo."

"Jibu lake?"

"Sijui. Hakunipa. Hakunipa kwa sababu sikumpa mji."

"Mpe sasa," ilisema sauti kutoka dirishani.

Vichwa vyote vikageuka. Kila aliyekuwa na kitabu mkononi alitazama jalada, akatazama dirisha, akatazama jalada. Kiti kikaanguka. Mama mmoja akaanza kuimba wimbo wa mazishi bila kujua anaimba, akajiziba mdomo. Aoko akashuka jukwaani, akapita katikati yao hadi kwenye dirisha. Kati yake na Griffins palikuwa na ukuta hadi kifuani, na hewa.

"Nimeshindwa," alisema. "Chukua mji."

"Mji gani?"

"Wa Seme hawakutaki. Wa Awasi si wako, ni wa Mathews." Aoko akaweka viganja juu ya ukuta. "Chukua Nyamasaria. Nyumba ya tatu baada ya kanisa, lango jeusi. Dirisha la jikoni halina vyuma."

Griffins alifumba macho. Watoto wote wa shule wanajua anayepewa mji husema nini. Na yeye akasema kwa sauti ndogo, kama anayesali.

"Nilikwenda Nyamasaria. Watu wa Nyamasaria walinizika zamani, lakini mmoja wao akanifungulia dirisha. Nikala, nikashiba, nikalala. Nikaulizwa jibu, nikasema: mbegu." Akafumbua macho. "Yago lile mlilolizika, Aoko. Lilikuwa na mbegu ndani. Wiki jana nilikwenda Seme nikachungulia juu ya ua. Limeota pale pale kaburini. Limenipita kimo."

Ukumbini mtu alilia kwa sauti. Aoko hakujua ni nani hadi aliposikia kwikwi ile ya bata.

"Basi," Mama Maximilla alisema, akija kwa hasira huku akiburuta kiti. "Basi, nimesikia. Kaburi lina mwenyewe, limeota mti, limeshiba. Lakini mlangoni hapiti! Nimesema hapiti, leo wala kesho, mpaka wazee wa Seme waje waniambie wao wenyewe." Akakisukuma kiti hadi chini ya dirisha, akakijaribu kwa kiganja kama kinayumba. "Kanyaga hapa. Na ufute miguu."

Griffins aliweka goti juu ya kizingiti. Mguu uliowahi kuvunjika ukakataa kukunjika vizuri, akayumba. Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja.

Aoko hakurudi. Alinyoosha mkono, akaushika ule wenye kovu, akifumba macho, akingoja baridi ya ziwa.

Ulikuwa wa moto. Akafumbua macho, naye alikuwa bado yupo.